Kopo la Kukumbia Dawa

Mashua ikivuja usiku katikati ya Ziwa Viktoria, mvuvi wa kisiwa cha Remba hushika kopo akaanza kukumba maji. Akikumba upesi kuliko yanavyoingia, mashua haizami. Seli ya saratani iliyozoea dawa huweza kufanya hivyohivyo: dawa huingia, nayo huitupa nje kabla haijaua. Ilichukua miaka mingi kopo hilo kugunduliwa, na sehemu kubwa ya mkasa wenyewe ni ya ziwa letu.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Alipokutana na mwingine wa namna hiyo Jinja, hakuweza kutulia. Mwaka 1961, yeye na wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walisafiri kwa gari kuukuu karibu maili 10,000 kwa wiki 10, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Ramani waliyorudi nayo ilionyesha kwamba uvimbe ule hupenda penye joto na mvua, yaani palipo na malaria. Kandokando yote ya ziwa upande wa Nyanza, pamoja na visiwa vyake, imo ndani ya ukanda huo.

Kampala haikuwa na mashine ya mionzi, na kisu hakikufaa kwa uso wa mtoto. Zikabaki dawa. Burkitt kule Mulago na Peter Clifford hapa Nairobi walijaribu methotreksati, siklofosfamidi, na vinkristini itokanayo na ua la Madagaska. Uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na wako watoto waliopona kabisa. Wakati huo madaktari wengi duniani hawakuamini kwamba saratani yaweza kuponywa kwa dawa tupu.

Lakini wengine uliwarudia. John Ziegler, aliyeongoza kituo cha saratani kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967, aliona tofauti inayonisisimua hadi leo. Uvimbe uliorudi baada ya muda mrefu kwa kawaida ulisikia dawa zilezile za mwanzo. Uliorudi upesi, katika wiki chache, ulikuwa sugu.

Maelezo mojawapo ya usugu wa dawa yalikuja kutoka maabara za mbali. Mwaka 1973 Keld Danø wa Denmark alionyesha kwamba seli sugu huisukuma dawa nje kwa nguvu zake zenyewe. Mwaka 1976, Rudolph Juliano na Victor Ling, Toronto, wakaipata protini iliyokaa kwenye utando wa seli sugu. Waliipa herufi P, ya “permeability”, yaani upenyaji, kwa kudhani inazuia dawa kuingia. Kumbe ndiyo kopo lenyewe. Huitupa vinkristini na dawa nyingi zisizofanana nayo. Siklofosfamidi haiigusi, na hiyo ni sababu mojawapo ya madaktari kuchanganya dawa.

Mwaka 1981 Takashi Tsuruo wa Japani aligundua kwamba verapamili, dawa ya moyo na presha, huliziba kopo. Mwaka 1987 verapamili hiyohiyo ikaonekana kuirudishia klorokwini makali yake dhidi ya vimelea sugu vya malaria, ambavyo navyo huitoa dawa mahali inapofanyia kazi, ingawa kwa protini nyingine. Inaniuma kuliwaza hilo: kimelea kinachomwandalia mtoto wa ziwani uvimbe wa taya nacho kilijifunza kukumba. Kenya iliiacha klorokwini kama tiba ya kwanza mwaka 1998.

Kwa wagonjwa wa saratani, verapamili haikutimiza ahadi. Kiasi kinachotosha kuziba kopo huuelemea moyo. Tena kopo hilo si la saratani peke yake: lipo kwenye utumbo, ini na figo, na kwenye mishipa ya ubongo, likitukinga na sumu. Hata dawa njema huzuiwa kuufikia ubongo, na hiyo ni sababu mojawapo ya mtoto mwenye uvimbe wa Burkitt kuchomwa dawa nyingine kwenye uti wa mgongo.

Mtoto huyo akitoka Remba, huvuka kwa mashua hadi bara, kisha kwa gari hadi hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, Kisumu. Dozi hutolewa kwa awamu, wiki kadhaa mfululizo. Baada ya awamu ya kwanza taya hunywea, mtoto hula, hucheka. Seli zilizosalia hazionekani kwa macho, na nauli ya kurudi kwa awamu ya pili hutafutwa wakati mtoto anaonekana amepona.