Boksi linasema 60, chipu inasemaje?

Ukifika Tunduma, ule upande malori yanapopanga foleni kuvuka kwenda Nakonde, hutakosa duka linalouza kamera: za kufunga kwenye gari, za ulinzi, na simu zenye megapikseli kibao. Boksi linasema "4K, fremu 60 kwa sekunde". Je, nani alihakiki?

Kumbuka Juni 2016. TCRA walizima simu feki usiku wa tarehe 16. Kabla ya hapo wengi wetu tulibonyeza *#06#, tukapata namba 15 za IMEI, tukazituma kwenda 15090 na kusubiri jibu kwa wasiwasi. Jibu likitaja kampuni tofauti na ile iliyoandikwa mgongoni mwa simu, basi umeshaumia. Kenya walizima za kwao mwaka 2012. Kwa watu wengi hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kukiuliza kifaa cha elektroniki: wewe ni nani hasa? Lakini IMEI inatambulisha simu tu, haigusi vilivyomo ndani. Simu inaweza kuwa halali kabisa na kamera yake ikawa na namba za kubuni.

Jicho la kamera ni sensa (siyo ile ya watu na makazi), yaani chipu inayogeuza mwanga kuwa umeme. Aina ya kwanza, CCD, ilibuniwa Bell Labs, Marekani, mwaka 1969. Miaka ya 1990 ikaja ya CMOS, iliyo rahisi kutengeneza, na bei ikaporomoka. Chipu yenyewe ni ndogo kuliko ukucha na imejificha chini ya lenzi, kwa hiyo anayebandika stika anaweza kuandika anachotaka.

Bahati nzuri, chipu nyingi zina jina lao ndani. Sensa ya OV2640, ambayo wanafunzi wengi wa miradi ya elektroniki wanaifahamu, ukiisoma rejista yake ya utambulisho inajibu 0x26. OV7670 inajibu 0x76. Niliwahi kununua moduli nne zenye stika ya OV2640. Mbili zikajibu 0x76. Maana yake, badala ya pikseli 1600 kwa 1200 nilipata 640 kwa 480, pungufu zaidi ya mara sita. Stika haikuwa imekosewa herufi hata moja!

Huo ni uongo wa wazi. Kuna mwingine wa kistaarabu zaidi. OV2640 halisi inatoa fremu 15 kwa sekunde picha ikiwa kubwa kabisa, 30 ukishusha hadi 800 kwa 600, na 60 ikishuka hadi takriban 352 kwa 288. Sasa boksi likiandikwa "megapikseli 2, fremu 60", kila namba peke yake ni kweli, ila hazikutani kamwe kwenye picha moja.

Shida hii ya kasi ya fremu ni ya zamani kuliko chipu. Filamu bubu zilipigwa kwa kuzungusha mpini kwa mkono, na kasi ilibadilika kutoka mpiga picha mmoja hadi mwingine. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, 24 ikawa kiwango, kwa sababu sikio halivumilii kasi inayoyumba. Ndiyo maana filamu bubu ikioneshwa kwa kasi hiyo, watu wanatembea kama wanafukuzwa. Hapa Tanganyika, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment wa 1935 hadi 1937, uliokuwa na makao Vugiri huko Usambara, ulitengeneza filamu na kuweka sauti pembeni, kwenye sahani za gramafoni, ili lugha iweze kubadilishwa. Mpangilio wa namna hiyo unajiumbua wenyewe: projekta ikikosea kasi, maneno yanaachana na picha, na kila aliyekaa pale anasikia.

Faili la video la leo halina mkaguzi wa aina hiyo. Giza likiingia, sensa inahitaji muda mrefu zaidi kukusanya mwanga, hivyo inaweza kushuka hadi fremu 15. Programu nyingine inarudia kila fremu mara mbili ili faili lisomeke 30. Nyingine inaandika 30 bila kurudia chochote, na hapo ndipo pa hatari: lori lililokuwa likitembea kilomita 40 kwa saa kwenye barabara ya TANZAM litaonekana linakwenda 80. Kama video hiyo ndiyo ushahidi wa ajali, dereva ana kesi ya kujibu.

Kupima ni rahisi. Fungua saa ya kupimia muda kwenye simu nyingine, ile inayoonesha sehemu za mia za sekunde, uirekodi kwa kamera unayotaka kununua. Kisha peleka video fremu kwa fremu na uhesabu picha zilizo tofauti kweli ndani ya sekunde moja. Fremu mbili zenye tarakimu zilezile ni marudio. Tarakimu zikipandana kama vivuli kwenye fremu nyingi, huenda programu imechanganya fremu mbili kutengeneza ya tatu. Kioo cha simu nyingi hujichora upya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo usitegemee njia hii kupima zaidi ya hapo.

Rudia zoezi lilelile taa ya duka ikiwa imezimwa. Muuzaji atakuona msumbufu, lakini fanya kabla hujatoa hela.