Jumuiya Isiyo na Mkubwa: Wachumi wa Goma na Ubishi wa Mapinduzi

Katika mji wa Goma, ukingoni mwa Ziwa Kivu, kuna mtaa uitwao Mabanga, ambao serikali imeugawa sehemu mbili, Mabanga ya Kaskazini na Mabanga ya Kusini, katika komini ya Karisimbi; nao ni mtaa wa wachumi wa siku kwa siku, ambao nyumba zao aghalabu ni za mbao, zimesimamishwa juu ya mawe meusi yaliyotapikwa na mlima wa moto Nyiragongo, na riziki zao hutoka katika kusukuma chukudu, yaani chombo cha mbao cha magurudumu mawili, kuendesha pikipiki, kubeba mizigo, kuranda mbao, na kuuza makaa, ndizi na maharagwe kwa vipimo vya mikebe. Mtu aliyelelewa na vitabu vya mapinduzi vilivyoandikwa Ulaya katika karne ya 19 angaliweza kupita mtaani humo asubuhi hata magharibi asimtambue mfanyakazi hata mmoja, kwa maana vitabu hivyo vilimtafuta mfanyakazi mlangoni pa kiwanda, ilhali Goma ni mji wa viwanda vichache mno. Na hata hivyo, swali kubwa lililowafarakanisha wanamapinduzi wa Ulaya limejadiliwa hapa kwa vitendo zaidi kuliko mahali pengi palipojaa maktaba.

Swali lenyewe lilidhihiri mwezi wa Septemba 1872, katika mji wa The Hague, ulipokutana mkutano mkuu wa Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi, iliyokuwa imeasisiwa London mwaka 1864. Karl Marx na wafuasi wake walishikilia kwamba wafanyakazi hawana budi kujiundia chama cha siasa na kuitwaa dola, waitumie kuubomoa utawala wa matajiri. Mikhail Bakunin, Mrusi aliyekwisha kuonja magereza ya wafalme kadhaa, alishikilia kwamba dola haibadili tabia yake kwa kubadilishiwa mkaaji, na kwamba mfanyakazi akiketishwa katika kiti cha enzi huacha saa ile ile kuwa mfanyakazi. Bakunin alifukuzwa katika Jumuiya, na tangu hapo wafuasi wa anarkizimu, yaani itikadi inayokataa kila mamlaka ya kulazimisha watu, wakashika njia yao peke yao. Hata mwaka 1902 Peter Kropotkin akatoa kitabu juu ya kusaidiana, akitaka kuthibitisha kwamba viumbe, na wanadamu miongoni mwao, wamedumu duniani kwa kushirikiana kuliko kwa kushindana.

Wachumi wa Kongo ya mashariki hawakuhudhuria ubishi huo wala hawakuletewa habari zake. Bali walifikia pembeni mwa fikira za Bakunin kwa njia ya majeraha, kwa kuwa katika muda wa miaka themanini hivi waliona kwamba kila jumuiya yao iliyokuwa na mkubwa mmoja, mkubwa huyo ama aliuawa, ama alinunuliwa, ama aligeuka kuwa mtawala. Kutokuwa na mkubwa, kwao, hakukuanza kama itikadi. Kulianza kama hadhari.

Tutazame kwanza aliyeuawa. Desemba 1941, wafanyakazi weusi wa kampuni ya migodi ya Union Minière katika Katanga waligoma wakidai nyongeza ya ujira, vita vya dunia vikiwa vimepandisha bei ya kila kitu huku faida ya shaba ikienda Ulaya. Msemaji wao alikuwa karani aitwaye Léonard Mpoyi. Tarehe 9 ya mwezi huo, katika kiwanja cha mpira cha Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi, wagomaji walikusanywa mbele ya gavana na askari wake, risasi zikapigwa, na Mpoyi akawa miongoni mwa makumi waliokufa. Serikali ilikwisha kumjua nani wa kuzungumza naye, na kwa hiyo ilikwisha kumjua nani wa kumwua.

Miaka mitatu baadaye moto uliwaka karibu zaidi na Goma. Katika nchi za Masisi na Lubutu, ambako raia walikuwa wakilazimishwa kwa ajili ya vita kufanya kazi za shuruti siku 120 kwa mwaka, baada ya kuwa 60 hapo kwanza, iliingia dini ya Kitawala, tawi la Kiafrika la mafundisho ya Watch Tower yaliyopanda kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Wabelgiji wenyewe waliieneza pasipo kutaka, maana waliwahamisha wafuasi wake kutoka jimbo hata jimbo kama adhabu, na kila alikohamishwa mtu alihubiri: kwamba mweusi na mweupe ni sawa mbele ya Mungu, na kwamba utawala wa kodi na mjeledi umekaribia hatima yake. Mwaka 1944 watu wa nchi hizo waliasi wakiongozwa na Bushiri Lungundu, aliyejitangaza kuwa mjumbe wa Yesu. Uasi ukazimwa kwa bunduki, Bushiri akatiwa mbaroni, na jeshi lake, lililokuwa limeweka tumaini lote katika mtu mmoja, likatawanyika.

Baada ya risasi ikaja hila. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliwaruhusu wafanyakazi weusi kuwa na vyama vyao, lakini chini ya uangalizi wa maafisa wa Kizungu. Uhuru ulipopatikana mwaka 1960 vyama viliongezeka, kila kimoja kikiwa na nembo yake na mfadhili wake. Na mwaka 1967 rais Mobutu akavikusanya vyote katika chama kimoja, kilichokuja kujulikana kwa jina la UNTZa, kikawa kiungo cha dola badala ya kuwa ngao ya wafanyakazi. Katibu wa chama alipata gari, na mwanachama akapata salongo, yaani kazi ya pamoja ya kufagia na kuchimba mifereji, jambo ambalo kwa asili ni jema na la kijirani, lakini ambalo katika miaka ya 1970 lilifanywa amri ya dola, na hivyo kusaidiana kwa hiari kukavalishwa sare ya shuruti.

Amma juu ya yule anayegeuka mtawala, Goma ilimwona kwa macho yake. Ernest Wamba dia Wamba, mzaliwa wa Kongo ya Chini, alifundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwanzo wa miaka ya 1980, mahali palipokuwa na desturi ya ubishi mkali wa nadharia: hapo ndipo wanafunzi walipotoa jarida la Cheche lililopigwa marufuku mwaka 1970, hapo ndipo Issa Shivji alipoandika juu ya mapambano ya matabaka, na huko huko Dar es Salaam wafanyakazi, waliouchukua Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 kwa maana yake iliyo wazi, kwamba kiongozi asiwe na majivuno wala ubwana, waligoma mara nyingi, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel wakakikalia na kukiendesha wenyewe. Wamba alikuwa na hoja yake mahsusi katika mjadala huo. Alisema kwamba siasa ya ukombozi haitoki katika chama kinachojiita macho ya umma, bali hutoka katika baraza la watu wenyewe, mfano wa mabaraza ya vijiji vya Kikongo, ambamo kila mtu husema na jamii hujikosoa mpaka ipone.

Agosti 1998 mwanachuoni huyu, ambaye hakuna aliyewahi kuandika vizuri kuliko yeye juu ya baraza, alifanywa kuwa rais wa RCD, kundi lililoshika silaha na kufanya makao yake Goma kwa msaada wa majeshi ya nchi jirani. Hapakupita mwaka mzima, wenziwe wakamwondoa, naye akabaki na tawi lake la Kisangani. Alitaka baraza, lakini alikubali kuketi juu ya kiti ambacho miguu yake ilikuwa bunduki. Na bunduki haina haja ya baraza. Wamba hakuwa wa kwanza kushindwa: mwaka 1965 Ernesto Guevara alikaa kwa miezi saba katika milima ya Fizi, akiitwa Tatu, akajaribu kuwafundisha waasi mapinduzi yaliyofaulu Cuba, na akaondoka akiandika mwenyewe kwamba yameshindikana. Tofauti ni kwamba Guevara hakuwajua watu wa pale, ilhali Wamba aliyajua yote yaliyohitajika kujulikana. Basi kosa halikuwa la elimu, bali la kiti.

Turudi Mabanga. Chukudu hutengenezwa kwa mbao za mkaratusi au mti mwingine mgumu, na magurudumu yake mawili, ya mbao vilevile, huvishwa ukanda wa mpira uliokatwa katika tairi kuukuu. Juu ya ubao hupigiliwa kipande cha ndara, ambapo mwendeshaji hutua goti moja huku mguu wa pili ukisukuma ardhi, na breki ni kipande kingine cha mpira kinachokandamizwa kwa unyayo juu ya gurudumu la nyuma. Kutoka Kibumba, juu katika njia ya Rutshuru, mtu huteremka na magunia ya viazi, makabichi na makaa kwa uzito wa mamia ya kilo, na wakati wa kuteremka yu peke yake na Mungu wake. Lakini penye mwinuko chukudu iliyojaa haimtii mtu mmoja, nao husukumiana, wa mbele akisubiri wa nyuma, na aliyesaidiwa leo akisaidia kesho. Katika hali kama hiyo, chama huanza kabla ya katiba. Mwaka 2009 dola ilisimamisha mjini sanamu ya mwendeshaji wa chukudu, ikaipaka rangi ya dhahabu. Waendeshaji wenyewe wakaendelea kutozwa ushuru vizuizini.

Jumuiya ya pili ya mtaani ni likelemba. Watu kumi au ishirini, mara nyingi wanawake wa soko moja au wa njia moja, hukubaliana kutoa kiasi sawa kila juma, na jumla yote humwendea mmoja wao kwa zamu. Hukutana uani kwa mmoja, daftari la shule likiwa mapajani mwa mwandishi; kila mmoja hutoa fedha zake mbele ya wote, faranga au dola, zikahesabiwa kwa sauti, na mwenye zamu akapokea papo hapo, asibaki mtu wa kukaa na sanduku. Aliyefiwa huweza kupewa zamu ya mwenziwe, akimwomba: "Mama, unihurumie, nipe yako ya juma hili." Hapa pana hekima ambayo wabishi wa The Hague hawakuifikia, wote wawili: Marx alitaka kiti kibadilishwe mkaaji, Bakunin alitaka kiti kivunjwe, bali wanawake wa likelemba wamekifanya kiti kizunguke, kila mmoja akikikalia kwa muda mfupi mno hata asipate nafasi ya kukizoea.

Mwaka 2012, vijana wa Goma, wengi wao wanafunzi na wahitimu wasio na kazi, waliunda harakati ya LUCHA, wakidai kwanza mambo yasiyo na nadharia yoyote: ajira, na maji ya bomba katika mji ambao ziwa kubwa li chini yake na wakazi wake wanapanga madumu ya manjano tangu alfajiri. Harakati hiyo haikuchagua rais, haikujiandikisha serikalini, ilijiendesha kwa michango ya wanachama, ilikataa kila silaha, na iliamua mambo kwa mashauriano. Polisi walipowakamata, swali la kwanza lilikuwa lile la tangu enzi ya Mpoyi: mkubwa wenu nani? Na safari hii halikuwa na jibu. Machi 2015 Fred Bauma alikamatwa Kinshasa akafungwa kwa karibu mwaka mmoja na nusu, harakati haikufa. Februari 2016 wenzao sita walikamatwa Goma kabla ya mgomo wa kufunga mji, miongoni mwao Rebecca Kabugho, harakati haikufa. Juni 2018 Luc Nkulula, mmoja wa wasemaji wake mashuhuri, alikufa katika moto ulioiteketeza nyumba yake usiku. Wenziwe wakamlilia, na harakati haikufa.

Lakini haki hutaka tuseme na upande wa pili. Jumuiya isiyo na mkubwa haiuawi kwa urahisi, ila pia haihesabiwi kwa urahisi. Pasipo mkubwa aliyetajwa, huzuka wakubwa wasiotajwa: mwenye ulimi mwepesi, mwenye Kifaransa kizuri, mwenye simu inayojibiwa na wageni wa Ulaya, na mtu ambaye hakuchaguliwa hana siku ya kuondolewa. Tuzo na majina ya magazeti huwaendea watu mmoja mmoja, hata kama kazi ni ya wote. Fauka ya hayo, mashauriano marefu huwafaa vijana wasio na watoto. Mama anayetegemea mtaji wa beseni moja la ndizi hana alasiri tatu za kujadiliana. Hiyo ndiyo sababu wengi wa Mabanga waliwapenda vijana wa LUCHA bila kujiunga nao, wakabaki katika likelemba zao, ambazo mkutano wake hauzidi saa moja na ambazo kila mjumbe anajua ni lini zamu yake.

Januari 2025 jeshi la waasi wa M23 liliingia Goma, kama lilivyokwisha kuingia Novemba 2012, na benki za mji zikafunga milango. Wakati huo watu waliweza kupima kwa siku chache jumuiya zote walizokuwa nazo: zile zilizotegemea ofisi, muhuri na mtu mmoja zilinyamaza, na zile zilizotegemea jirani na daftari zilipungukiwa fedha lakini hazikupungukiwa watu. Atakayetaka kuwaunganisha wachumi wa mji huu siku zijazo, awe na itikadi ya Marx au ya Bakunin au asiwe na yoyote, atafanya vema kuanza na kanuni mbili ambazo Mabanga imekwisha kuzijaribu: fedha zihesabiwe mbele ya wote, na uongozi uwe zamu yenye siku ya kuisha. Historia ya nchi hii haijaonyesha bado jumuiya ya wafanyakazi iliyoharibika kwa kuzishika sana kanuni hizo; zilizoharibika kwa kuziacha, tumekwisha kuzitaja.