Zao la umetaboli, si taka ya homoni

Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza figo mwaka 2018. Jirani yake, Chuo Kikuu cha Dodoma, husomesha madaktari kwa Kiingereza, nao huenda wodini kuzungumza na wagonjwa kwa Kiswahili. Hapo ndipo neno metaboliti, yaani kitu kinachopatikana mwili unapobadilisha molekuli kama homoni, linapotaka mwenzake wa Kiswahili. Kwa kuwa figo huchuja takamwili, ni rahisi kusema “mabaki ya homoni” au “taka ya homoni”. Tafsiri hizo nazikataa.

Tuchukue estradioli, homoni kuu ya uzazi ya mwanamke. Kimeng’enya kimoja huipachika kikundi cha haidroksili, kingine huongeza methili, na kazi hiyo hufanyika zaidi kwenye ini. Hupatikana 2-methoksiestradioli. Molekuli haikumeguka; imeongezeka. Wala haikukoma kufanya kazi. Watafiti wa Taiwan waliijaribu kwenye seli za MDCK, ambazo Madin na Darby walizitoa katika figo ya mbwa mwaka 1958 na ambazo bado huoteshwa katika maabara nyingi duniani. Kalsiamu ilipanda ndani ya seli. Dozi zilizotumika zilizidi sana kiasi chake cha kawaida katika damu, kwa hiyo matokeo hayo hayamwambii mwanamke yeyote kwamba figo zake ziko hatarini. Yanachoonyesha ni kwamba kinachoitwa taka kinaweza kuigusa seli.

Ndiyo maana napendekeza “zao la umetaboli”. Umetaboli ni kujenga na kuvunja pia, na zao halihukumiwi mapema kuwa halifai. Metaboliti ibaki maabarani, kwa wanaohitaji neno fupi.

Istilahi ya pili, ya kule kupanda kwa kalsiamu ndani ya seli, ni ngumu zaidi. Kalsiamu iliyo huru nje ya seli huzidi ile ya ndani takriban mara 10,000. Kama maji ya Mtera nyuma ya ukuta wa bwawa, husubiri mlango. Mlango wa utando ukifunguka, au ghala la ndani ya seli likiachia, kalsiamu hupanda kwa sekunde chache, protini husisimka, kisha pampu huirudisha ilikotoka. Ongezeko hilo ndilo ujumbe, nami naliita “ishara ya kalsiamu”. Mgonjwa asiichanganye na “kiwango cha kalsiamu” kinachoandikwa kwenye majibu ya damu: hicho hupimwa nje ya seli, na daktari anayetaja vyote viwili kwa jina moja atamfanya mtu aache maziwa bila sababu.