Nyumba ya Wanafunzi katika Camden Road



Kila mwaka kijitabu hiki huonyesha fedha zilizoingia na zilizotoka, na katika zilizotoka haikosi karo ya vijana waliokwenda kusoma mbali. Hesabu hiyo ni ya haki. Walakini iko hesabu nyingine isiyoandikwa: kijana huyo alala wapi, ala pamoja na nani, na jioni azungumza na nani. Ili tulipime jambo hili, twaleta mbele yenu habari za wanafunzi wa Afrika Magharibi waliokaa London, kwa kuwa yaliyowapata yatufaa na sisi.

Mwaka 1922 Ladipo Solanke, mzaliwa wa Abeokuta katika Nigeria, alifika Uingereza kusoma sheria. Siku zile mwanafunzi Mwafrika aliweza kuwa na kodi mkononi na bado akafungiwa mlango na mwenye nyumba kwa sababu ya rangi yake. Tena vijana wenyewe walitoka katika makoloni mbalimbali, kila moja na serikali yake na lugha zake. Tarehe 7 Agosti 1925, Solanke na Dkt. Herbert Bankole-Bright wa Sierra Leone walikutana na wanafunzi wa nchi hizo, wakaanzisha umoja mmoja ulioitwa kwa kifupi WASU. Neno hilo katika Kiyoruba lina maana ya kuhubiri.

Lakini chama kisicho na nyumba ni kama baraza chini ya mti. Mvua ikinyesha watu hutawanyika. Mwaka 1928 Marcus Garvey aliwapa nyumba ya kutumia, nayo ikawafaa kwa muda tu. Basi mwaka 1929 Solanke alirudi Afrika Magharibi, akazunguka muda wa miaka mitatu akiomba msaada kwa machifu, kwa wafanya biashara na kwa watu wa kawaida. Kwa mchango huo hosteli ilifunguliwa mwaka 1933 katika nyumba namba 62, Camden Road. Mkewe, Bibi Opeolu Solanke, ndiye aliyeitunza, akawapikia vijana vyakula vya kwao.

Na tusidhani kwamba chakula ni jambo dogo. Kijana aliyekataliwa mchana katika milango mitano, akirudi jioni akakuta sahani yake imewekwa, hupata nguvu ya kufungua kitabu. Waliokaa humo walisoma magazeti pamoja, wakafanya mijadala, wakaalika wageni na kuwauliza maswali. Mtu wa Nigeria alijifunza kumsikiliza mtu wa Gold Coast, ambayo tangu 1957 huitwa Ghana, na kumwita ndugu bila ya kuona haya. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na dhiki ya London ndiyo iliyowapatanisha.

Si kwamba hapakuwa na ugomvi. Mwaka 1934 ilifunguliwa hosteli nyingine, iliyoungwa mkono na Wizara ya Makoloni, ikapewa jina la Dkt. Aggrey, yule mwalimu wa Gold Coast aliyefika hapa Kenya mwaka 1924. WASU waliipinga, wakihofu kwamba anayelipa kodi ya nyumba atataka pia kutawala mazungumzo ya ndani yake. Waafrika wengine waliona afadhali kupokea. Baadaye WASU wenyewe walipokea msaada wa serikali, kwa sababu madeni yalikuwa mengi. Hatuwalaumu; ila twaona kwamba walikuwa wamekwisha kujijua kabla ya kupokea, na kwa hiyo msaada haukuwanyamazisha.

Kukua kwao kulionekana. Mwezi wa Agosti 1941 Clement Attlee, aliyekuwa msaidizi wa Waziri Mkuu wa Uingereza, alikwenda kusema nao, akawaambia kwamba ahadi za uhuru katika Mkataba wa Atlantiki ni za mataifa yote. Churchill alipoupunguza mkataba huo uwe wa nchi za Ulaya, wanafunzi walikuwa na neno la kumkumbusha. Mwaka 1945 Kwame Nkrumah alikuwa makamu wa rais wa WASU, na Oktoba ya mwaka huo alikaa katika mkutano mmoja wa Manchester pamoja na Jomo Kenyatta wetu.

Hata hivyo urafiki wa ugenini haujilindi wenyewe. J. B. Danquah, aliyekuwa rais wa WASU katika miaka yake ya kwanza, alifariki mwaka 1965 katika gereza la serikali ya Nkrumah. Watu wawili waliolelewa na chama kimoja, kwa nyakati mbalimbali, hawakuweza kusikilizana walipofika nyumbani. Solanke hakuliona hilo, kwa maana alifariki mwaka 1958.

Basi, wazee wetu, tunapompeleka kijana mbali, yatupasa kuuliza kwanza nani atakayekaa naye, na kumsaidia apate wenzake kabla hajapata upweke. Na arudipo, tusimkaribishe peke yake. Tuwaite na wale aliokula nao, wa kabila lo lote, waje wakae nasi, ili udugu walioupata huko upate mahali pa kukaa hapa kwetu.