Tarehe ya Chuma na Shaba katika Nchi ya Thika na Ruiru

Wataalamu wa mambo ya kale wamethibitisha kwamba huko Belovode, katika nchi ya Serbia, mtapo wa shaba uliyeyushwa takriban miaka 7,000 iliyopita, na kwamba karibu zaidi nasi, huko Naviundu kando ya Lubumbashi, kazi hiyo ilikuwa ikifanywa katika karne ya 4 baada ya kuzaliwa Nabii Isa. Lakini atakayefuata kingo za mto Chania au mto Ruiru akitafuta asili kama hiyo hataipata, kwa kuwa nchi hii haikupitia zama za shaba, bali chuma ndicho kilichotangulia.

Wala asidhani mtu kwamba waliotangulia na chuma walishika kazi nyepesi. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 ikatiririka kalibuni, ilhali chuma hutaka nyuzi 1,538, joto lililoishinda tanuri ya udongo, hata ikamlazimu mhunzi kukitenga na takataka zake kikiwa bado kigumu, kisha kulifua lile bonge lenye matundu mpaka mavi ya chuma yakatoka. Hiyo ni elimu kamili, ijapokuwa haikuandikwa.

Wahunzi wa Kikuyu, ndio aturi, walipata mtapo wao katika mchanga mweusi wa mitoni, ambao wanawake na watoto waliuosha kwa maji mpaka ukabaki ule mzito. Wakaupika kwa makaa, mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikipuliza kupitia kewa za udongo. Mwandishi Routledge na mkewe waliyaeleza hayo katika kitabu chao cha mwaka 1910, naye Jomo Kenyatta akayaeleza mwaka 1938, pamoja na heshima aliyopewa muturi na hofu ya laana yake. Ama ukongwe wa kazi yenyewe, vyungu vya Kwale, vya watu waliojua kufua chuma, alivyovitangaza mtaalamu wa mambo ya kale Robert Soper mwaka 1967, vinaturudisha hadi karibu na karne ya 3 katika pwani, na huko Gatung'ang'a, katika nchi ya Nyeri, Ari Siiriäinen alichimbua makao ya watu wa zama za chuma. Thika imo kati ya nchi hizo mbili.

Shaba ilikuja kwa miguu ya wapagazi, ikiwa masango ya kufanyia vikuku. Uzi wa chuma wa Ulaya ukafuata njia hiyo hiyo, na reli ilipofika Thika mwaka 1913 tanuri za kienyeji hazikuwa na nguvu ya kushindana. Leo Ruiru ina viwanda vya chuma cha pua na nondo, na vyuma chakavu vimekuwa mali hata Serikali ikapiga marufuku biashara yake Januari 2022, kwa ajili ya uharibifu wa milingoti na nyaya za umeme, kisha ikairuhusu tena mwaka huo huo.

Linalonitia huzuni ni mashamba ya kahawa ya Ruiru, ambayo sasa yanachimbwa misingi ya nyumba. Mavi ya chuma hayaozi, na huenda yamelala chini ya mashamba hayo. Nawasihi wenye viwanja na madereva wa matingatinga, wakiona jiwe jeusi, zito, lenye vitundu, wapeleke habari kwa Makumbusho ya Taifa, kama sheria ya mwaka 2006 inavyoagiza, nalo waliache pale pale lilipolala. Kwani kipande cha makaa kilichonasa ndani yake chatosha kupimwa umri, lakini jiwe lililokwisha sombwa na kumwagwa barabarani haliwezi tena kuonyesha tanuri yake ilikuwa wapi.