Baridi Yabisi

Neno hili, ambalo hata huku Mbulu na Hanang, katika nyanda za umande mzito zilizo mbali na bahari, husikika kila kiuno kikazapo, ni urithi wa tiba ya kale ya Kiyunani iliyotufikia kwa mikono ya matabibu wa Kiarabu, waliouona mwili wa mwanadamu kuwa umetawaliwa na tabia nne: hari, baridi, rutuba na yabisi, yaani ukavu.

Elimu ile haifuatwi tena na udaktari wa kisasa, ila jina limesalia, nalo limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Kwani baridi yabisi ya madaktari, ambayo kwayo kinga ya mwili huyashambulia maungo yake yenyewe, hupenda viganja, nyayo na shingo, na ni nadra kushuka hadi pingili za chini za uti wa mgongo. Mfugaji wa Katesh au Haydom aumwaye kiuno, ganzi ikamteremkia mguuni, huenda mshipa wake wa fahamu umebanwa na pingili. Au ana kifua kikuu cha mifupa. Au bruselosi, ambayo kwa mifugo huitwa ugonjwa wa kutupa mimba, nayo humwingia mtu kwa maziwa mabichi, au kwa kumzalisha ng'ombe kwa mikono mitupu. Bruselosi hutaka dawa za hospitali kwa wiki kadhaa; mafuta ya kuchua hayaifai kitu.

Basi, msomaji, ufikapo kwa tabibu usiishie kutaja baridi yabisi: mweleze pia habari za homa, na za maziwa unywayo bila kuyachemsha.