Huntha wa Zamu

Mfugaji wa samaki wa matumbawe akitaka jozi ya samaki wa anemoni, wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, hahangaiki kujua yupi dume na yupi jike. Hununua wawili wachanga, mmoja amemzidi mwenziwe kidogo, akawatia kwenye tangi moja na kusubiri. Baada ya muda mkubwa huwa jike, mdogo huwa dume, na mayai yakaonekana jiweni. Balaa ni kuwaweka pamoja wawili ambao wote wamekwisha kuwa majike. Hao watapigana hata mmoja afe, kwani jike wa jamii hii harudi tena udumeni.

Wanabayolojia huliita jambo hili protandri, neno la Kigiriki lenye maana ya dume kwanza. Kinyume chake ni protojini, jike kwanza. Haya mawili hayanipi shida, maana tafsiri yake ni hiyo hiyo: samaki wa dume-kwanza na samaki wa jike-kwanza. Shida ni jina la kuwakusanya wote.

Neno la kamusi lililo karibu ni huntha. Waliosoma mirathi ya Kiislamu wanalifahamu, kwa kuwa mafakihi walijadili sana huntha apewe fungu la mwanamume au la mwanamke. Lakini huntha huyo ana dalili zote mbili kwa pamoja, kama alivyo konokono wa shambani. Samaki wetu ana moja leo na nyingine mwakani. Jikedume nalo halifai. Hilo tumekwisha kuwapa wanawake wenye vifua vya kukabili mambo, mara kwa sifa, mara kwa kejeli.

Mimi nasema huntha wa zamu. Zamu ni neno la mlinzi na la muuguzi: mmoja hatoki mpaka wakati wake umefika, mwingine haingii mpaka nafasi ipo. Kasoro yake naiona. Mlinzi wa usiku hurudi kesho, ilhali samaki wa anemoni hana zamu ya pili. Hata hivyo wapo wanaorudi: vijisamaki vya jenasi ya Gobiodon, vinavyoishi ndani ya matawi ya matumbawe, huweza kugeuka kwenda na kurudi kutegemea vimekutana na nani.

Nimesema kugeuka, si kubadilisha. Magazeti hupenda kuandika kwamba samaki “anabadilisha jinsia”, kana kwamba anabadilisha shati. Mwaka 1972 mtafiti D. R. Robertson alieleza habari za samaki msafishaji, Labroides dimidiatus, anayekula vimelea vya samaki wengine. Huko Heron Island, Australia, aliona dume mmoja akimiliki kundi la majike, akiwazungukia na kuwatisha kutwa. Dume akiondoka, jike aliye juu kabisa huanza mwenendo wa kidume ndani ya saa chache tu, na baada ya wiki mbili hivi anatoa manii. Hakuna aliyeamua kitu. Nafasi imeachwa wazi, na mwili umeijaza.

Linalonishangaza zaidi ni kwamba tabia hutangulia viungo. Katika miaka ya 1990 watafiti walitoa ovari za majike wa Thalassoma bifasciatum, samaki wa Karibi. Walipopata nafasi ya juu, majike hao wasio na ovari bado walianza kujibeba kidume. Kwa hiyo cheo huanzia kichwani, na tezi za uzazi hufuata kwa mwendo wake. Istilahi inayotaja viungo peke yake ingeanzia mwisho wa hadithi.

Na cheo chenyewe tukiiteje? Nimeona “utawala”, nimeona “ubabe”. La kwanza linanukia serikali, la pili ugomvi wa mtaani. Tunalo ukubwa. Mkubwa kwetu ni mwenye mwili, na ni mwenye amri vilevile. Mfanyakazi humwita bosi wake mkubwa hata kama bosi ni kimbaumbau. Kwa samaki wa anemoni maana hizo mbili ni kitu kimoja. Jike ndiye mrefu kuliko wote, dume wake anamfuata, kisha wadogo wasiozaa, kila mmoja chini ya mwenziwe. Peter Buston, katika utafiti wake wa Papua New Guinea uliochapishwa mwaka 2003, alionyesha kwamba wa chini huzuia kukua kwao wenyewe ili wasimkaribie wa juu na kufukuzwa. Kufukuzwa kwenye anemoni ni kuliwa. Jike akifa, dume hugeuka jike, na wa tatu, aliyekuwa amejizuia, hukua haraka na kuwa dume.

Kwa nini wengine waanze udume, wengine ujike? Mwanabayolojia Michael Ghiselin alitoa jibu mwaka 1969, nalo linahusu mwili. Samaki wa anemoni huzaliana wawili wawili. Dume mdogo anatosha kurutubisha, ila jike mkubwa hutaga mayai mengi zaidi. Penye dume mmoja anayelinda majike wengi, dume mdogo hapati kitu, basi ni heri aanze kwa kutaga.

Hao wa jike-kwanza tunawajua kwa sufuria. Pono wengi ni wa kundi hilo, na yule mwenye kijani na buluu kali aghalabu ni dume, huenda aliyewahi kutaga. Chewa wengi nao ni hivyo hivyo: wakubwa ndio madume, na wakubwa ndio mshipi na bei hutangulia kuwatafuta. Mvuvi akirudi pwani akilalamika kwamba chewa wakubwa wamekwisha, anataja madume bila kujua.